Waliniuliza Mara Moja Tu

Nianze na lile linalonichoma. Klabu ya mpira haiwezi kuendeshwa na watu wanaofika uwanjani saa nane mchana. Nimemwambia hivyo mume wangu, nimesema kanisani, nimesema kwa wazee niliokuwa nikiwaogesha kazini mpaka wakaniomba niwashe televisheni, na leo naliandika. Anayefika saa nane anakuta mistari imeshachorwa, milingoti ya goli imeshafungwa mito ya kinga, madumu ya maji yamejaa na soseji ziko motoni. Anadhani uwanja umejitandika wenyewe. Halafu wiki inayofuata huyohuyo anakaa kwenye kamati na kuamua nani ana faida na nani hana.

Nasema habari za klabu yetu ndogo, magharibi ya Sydney, miaka ile ya elfu mbili na kitu. Tulikuwa tunaishi Merrylands na uwanja haukuwa mbali. Mpira wenyewe ni ule wa Kiaustralia, wenye umbo la yai, watu kumi na wanane kila upande, na milingoti minne kila mwisho wa uwanja. Ukiupitisha katikati ya ile miwili mirefu unapata pointi sita. Ukikosa kidogo tu, ukapita pembeni, unapewa pointi moja ya pole. Upande wetu wa jiji watu walikuwa na mpira wao mwingine, wa kukumbatiana na kuangushana, na huu wetu waliuona mchezo wa wageni kutoka miji ya kusini. Hata mwaka ule timu kubwa ya jiji ilipotwaa kombe, watu wakavaa skafu nyekundu na nyeupe mpaka kwenye treni, haikuchukua mwezi skafu zikarudi kabatini. Sisi tulibaki na uwanja wetu wa kuazima, ambao kiangazi ulikuwa wa kriketi.

Klabu ilikuwa na timu mbili. Ya kwanza ilicheza saa nane, wakati waheshimiwa wameshaamka na kunywa kahawa. Ya pili ilicheza kabla yake, saa sita kasorobo, na watazamaji wake walikuwa mimi, mbwa wawili watatu, na wake wa wachezaji waliokuwa hawana shifti siku hiyo.

Niliingia huko kwa sababu ya shemeji yangu. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma. Mume wangu ni Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi, mkoani kwetu, na mdogo wake huyo alitufuata Australia miaka miwili baada yetu. Kambini alikuwa kipa, tena kipa wa kusifiwa. Hapa akapata kazi kwenye ghala moja Smithfield. Siku moja boksi likaanguka kutoka rafu ya juu kabisa, naye akaruka akalidaka hewani bila hata kuyumba. Mwenzake wa kazi, Mzungu aliyekuwa akichezea klabu ile, akamwambia: Jumamosi unakuja na mimi. Katika mpira huu, ukidaka mpira uliopigwa kutoka mbali, filimbi inalia na unapewa nafasi ya kupiga bila kusumbuliwa na mtu. Kwa kipa, hiyo ni pepo.

Basi shemeji akaenda, akanogewa, akawavuta wengine. Warundi wenzake, Wakongo wa ghala lilelile, Mkenya mmoja wa kuendesha fokolifti, na vijana wawili wa Kivietinamu kutoka Cabramatta. Msimu wa tatu ulipoanza, zaidi ya nusu ya timu ya pili walikuwa watu wa maghala. Uwanjani walipigiana kelele kwa Kiswahili, "Wangu! Wangu! Nyuma yako!" na wale Wavietinamu wakawa wanapaza "Nyuma!" kwa lafudhi ya Wakongo wa Uvira. Timu nyingine zilikuwa hazijui tunapanga nini. Raha niliyokuwa nikiipata Jumamosi zile sijaipata tena, nasema kweli.

Na mimi nilikuwa na kazi yangu pale. Kwenye daraja la timu za pili, kila klabu inatoa mtu wa kusimama golini na kupeperusha bendera: mbili kwa goli, moja kwa ile pointi ya pole. Siku ya kwanza nilikuja kuleta sambusa tu. Nikavishwa koti jeupe, nikakabidhiwa bendera, na nikasimama golini misimu mitatu. Nilikuwa mkali. Siku moja shemeji alipiga mpira dakika za mwisho, tukiwa nyuma kwa pointi tano, na timu nzima ikaanza kurukaruka. Lakini mpira ulikuwa umegusa mlingoti, na ukigusa mlingoti ni pointi moja. Nilipeperusha bendera moja. Jumapili ile shemeji hakuja kula kwangu. Sikumwomba radhi, na wiki ya pili alikuja mwenyewe, akala sahani mbili.

Sasa nije kwenye uendeshaji. Zamani mazoezi yalikuwa saa moja jioni, Jumanne na Alhamisi, chini ya taa. Watu wa maghala hutoka kazini saa kumi na mbili, wanabadili viatu kwenye gari, wanafika. Kisha akaja mwenyekiti mpya. Alikuwa wakala wa kuuza nyumba, mtu wa tabasamu pana, anayekushika mkono kwa mikono miwili na kukuuliza hali ya watoto. Akaleta kocha kutoka upande wa pili wa jiji, na kocha huyo alitaka awe ameshafika nyumbani kabla ya chakula. Mazoezi yakasogezwa hadi saa kumi na moja. Na kanuni ikabandikwa ukutani: asiyehudhuria mazoezi hapangwi.

Unaona hapo? Umeondoa kuni chini ya chungu, halafu unayasema maharage kwamba ni magumu. Msimu ule watu wetu wakawa wanaandikwa watoro, wiki baada ya wiki, na waliokuwa wakihudhuria ni wale wenye kazi za mezani. Nilimfuata mwenyekiti mwenyewe, Jumamosi moja, nikiwa bado na koti langu jeupe.

"Mwenyekiti," nilimwambia, "hawa si watoro. Shifti inaisha saa kumi na mbili. Rudisha mazoezi saa moja."

"Nakusikia, love," alisema, akanishika mkono kwa ile mikono yake miwili. "Lakini sisi tunaangalia idadi. Idadi ya wanaohudhuria mazoezi imeshuka."

"Imeshuka kwa sababu mmebadili saa."

"Ndiyo, lakini imeshuka," alisema, akaenda kumsalimia mtu mwingine.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mtu huyo hakuwa mbaya, na hilo ndilo lililonikera zaidi, kwa sababu mtu mbaya unaweza kumchukia ukalala. Yeye alikuwa hajui tu. Hakuwahi kufika saa sita kasorobo hata mara moja. Hakujua kwamba shemeji na wenzake ndio waliokuwa wakibeba ile mito ya milingoti kutoka stoo, kwamba Mkenya wa fokolifti ndiye aliyetengeneza bomba la chooni, kwamba soseji zilizowashibisha wageni wake wa saa nane zilichomwa na mke wa Mkongo mmoja aliyemaliza shifti ya kutunza wazee alfajiri ile. Ningekuwa mimi, ningetunga sheria moja tu ya klabu: hakuna kukaa kwenye kamati kabla hujabeba mito ya milingoti msimu mzima. Ningewauliza watu wanatoka kazini saa ngapi kabla ya kupanga saa. Na kocha anayewahi chakula ningemwambia aje na bakuli lake. Hayo hayahitaji shahada.

Mwisho wa msimu ule tulicheza mechi moja tukiwa kumi na wanne dhidi ya kumi na wanane. Wenzetu wengine walikuwa wamezuiwa kwa ile kanuni ya ukutani; watu wa maghala waliocheza ni wale waliofanikiwa kubadilishana shifti wiki ile. Shemeji alicheza kifundo cha mguu kikiwa kimevimba kama kiazi, akiruka kwa mguu mmoja, na bado alidaka. Tulifungwa vibaya. Wanatoka uwanjani, jasho na matope, ndipo mwenyekiti akawa anaegesha gari. Akasoma ubao wa matokeo, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaenda kununua soseji. Nilikuwa nimeshika bendera na nakiri kwamba nilifikiria matumizi mengine ya vijiti vyake.

Aliyenipa habari kamili alikuwa katibu wa klabu. Alikuwa bibi wa Kizungu mwenye nywele nyeupe, na ndiye aliyekuwa akisimamia kantini tangu wanawe wakiwa wadogo. Tulikuwa tunakata vitunguu pamoja. Aliniambia kamati ina watu watano. Mwenyekiti na mwenzake mmoja wanataka kuifuta timu ya pili msimu ujao, kwa sababu ya idadi. Yeye katibu na mwingine mmoja hawataki. Wa tano anahamia Queensland, na nafasi yake itajazwa kwenye mkutano mkuu.

"Kiti cha tano ndicho kitakachoamua," alisema. "Leteni mtu wenu. Jiandikisheni uanachama, njooni wote mpige kura. Mtashinda."

Jumapili, baada ya ibada, wote walikusanyika sebuleni kwangu. Nasema wote: wachezaji kumi na mmoja, wake wawili, na mume wangu kwenye kiti chake cha kona. Wale Wavietinamu nao walikuja, wakala wali na maharage, na Mkenya akawa anawatafsiria. Shemeji ndiye aliyeongoza kikao.

"Ekipi hii, hii timu, ni yetu," alisema. "Ile watu ya komite haitujue. Tunahitaji mtu mmoja wa kukaa kati yao. Mimi naona shemeji, huyu mke wa kaka. Kizungu cha mikutano anakijua, na haogopi mtu."

Nikakataa, kama inavyopasa. Nikasema mimi ni mwanamke wa kupeperusha bendera tu, wako wanaofaa kuliko mimi. Wakanisihi. Nikakataa tena, nikataja kazi, nikataja watoto. Mzee mmoja wa Kikongo, aliyekuwa beki wetu japo magoti yalishamchoka, akasimama na kusema, "Mama, tunakuomba kwa heshima zote." Hapo nikainamisha kichwa nikasema kama ndivyo mnavyotaka, basi. Wakapiga makofi, tukaomba, tukala. Ilichukua saa nzima na hakuna aliyeona ni muda mrefu.

Ndivyo nilivyolelewa. Baba yangu alipochaguliwa mwenyekiti wa parokia, mara ya kwanza alikataa akiwa amekaa, mara ya pili akasimama akatoka nje kabisa, ikabidi wazee wanne wamfuate mpaka kwenye bomba la maji na kumrudisha wakiwa wamemshika mikono. Aliongoza parokia ile miaka tisa na hakuna aliyemsema. Lakini alikuwepo mwalimu mmoja aliyeulizwa mara moja na kujibu palepale, "Nakubali." Watu walicheka mpaka wakajifuta machozi. Mwalimu yule hakupata heshima tena pale kwetu, hata watoto wa darasa lake walimwigiza. Kwetu cheo hakidakwi, unakabidhiwa.

Mkutano mkuu ulikuwa Jumapili, saa tisa alasiri, katika chumba cha klabu kilicho kando ya vyumba vya kubadilishia nguo. Kulikuwa na viti vya plastiki na harufu ya dawa ya kuchua misuli. Mume wangu alibaki na watoto; sisi tulifika kumi na wanne, wanaume wamevaa suti za kanisani na tai, mimi nimevaa kitenge changu cha harusi ya wifi yangu. Wenyeji walikuwa kama kumi na watano hivi, wamevaa kaptura na kandambili. Mwenyekiti alitupokea kwa furaha ya kweli, akamshika kila mmoja mkono kwa mikono miwili. Katibu alituhesabu kwa macho kutoka mezani kwake, akanikonyeza. Hesabu ilikuwa wazi. Sisi wote pamoja na watu wake wachache, kiti kilikuwa chetu.

Ripoti zikasomwa. Kisha mwenyekiti akasema kuna nafasi moja ya mjumbe wa kamati, nani anapendekezwa?

Shemeji akasimama, akalifunga vizuri koti lake. Kiingereza chake kilikuwa cha ghalani, lakini siku ile kilimtii. Alisema mimi nimesimama golini misimu mitatu, mvua na jua. Alisema nilimnyima goli yeye mwenyewe, ndugu wa mume wangu, kwa sababu mpira uligusa mlingoti. Chumba kizima kikacheka, wenyeji kwa wageni, na mtu mmoja wa timu ya kwanza akapiga meza. Alisema klabu inahitaji mtu asiyeogopa kusema pointi moja ni pointi moja. Sijawahi kusifiwa vile mbele ya watu. 

"Vizuri sana," mwenyekiti akasema, akanigeukia. "Unakubali?"

Nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa. Nilisema, kwa Kiingereza changu kizuri kuliko vyote, kwamba nawashukuru sana, lakini jambo hili ni kubwa na mimi sistahili. Hapa kuna watu wengi wanaoijua klabu kuliko mimi. Naomba watazamwe wao kwanza. Nikaketi. Nyuma yangu nilisikia wanaume wetu wakiguna kwa kuridhika, na yule mzee wa Kikongo akanong'ona, "Amesema vizuri, huyu mama."

"No worries," mwenyekiti akasema, akachora kitu kwenye karatasi yake. "Ahsante kwa kutuambia. Mwingine?"

Mtu mmoja karibu na mlango, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia na kopo lake la bia, akainua mkono wake mwenyewe. Mkono wake mwenyewe! "Sawa, nitajaribu mimi," alisema. Nilikuwa namjua. Alikuwa rafiki wa mwenyekiti, mtu wa saa nane, tena saa nane na robo.

"Kuna mwingine? Hakuna? Basi umepita bila kupingwa. Hongera."

Watu wakapiga makofi. Na sisi tukapiga. Tulipiga makofi, Mungu wangu, kwa adabu, tukijua ndiyo kwanza mambo yanaanza. Kwetu mtu akikataa mara ya kwanza ndipo uchaguzi unafunguliwa. Nilikaa nimenyoosha mgongo, mikono mapajani, nikisubiri wanirudie. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno ya mara ya pili. Mwenyekiti akafungua ukurasa mwingine akaanza kuzungumza habari za jezi mpya. Nikamtazama katibu. Alikuwa ananitazama juu ya miwani yake, mdomo wazi, kalamu imesimama hewani. Habari za jezi zikaisha, zikaja za ufunguo wa stoo, na mkutano ukafungwa. Sikupata kusikia jina langu tena.

Katibu alinishika kiwiko mlangoni. "Kwa nini umekataa?" aliniuliza, na macho yake yalikuwa na maji.

"Sijakataa," nilimwambia.

 Nikamwacha, nikamkimbilia mwenyekiti kwenye maegesho kabla hajawasha gari. Nilimweleza kwamba nilikuwa nakubali, kwamba alipaswa kuniuliza tena.

"Lakini ulisema hapana, love."

"Nilisema sistahili."

"Ndiyo. Na mimi nikaheshimu." Alikuwa amechanganyikiwa kweli, si kwa ujanja. "Kwa nini nimuulize tena mtu aliyekwisha kusema hapana? Ingekuwa kukusumbua."

Nilikasirika mpaka Kiingereza kikanitoka chote. Nilisimama pale kwenye maegesho nikimfokea kwa Kiswahili. Nilimwambia mtu haulizwi jambo la maana mara moja kama anaulizwa sukari vijiko vingapi. Nilimwambia hata mbuzi wa sadaka huvutwa kamba mara mbili. Nilimwambia kwamba nchi ambayo mtu anajinyooshea mkono mwenyewe akapewa uongozi na kopo la bia mkononi, nchi hiyo ina kazi. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa tabasamu la huruma, akasema amefurahi tumezungumza, akaondoka. Na njia nzima kurudi nyumbani neno lake moja lilinifuata. Nilikuwa nimesema hapana.

Wenzangu, waliokuwa wametangulia kwangu, hawakuwa na wasiwasi wowote. Walinizunguka nje ya nyumba wakinisifu. Shemeji aliniambia, "Shemeji, ulijibu kama mtu mzima. Watakuja. Pale walikuwa na haraka, watatuma watu hapa nyumbani." Yule mzee wa Kikongo akasema bila shaka watakuja Jumapili, baada ya ibada, maana siku za kazi si adabu kumwendea mtu. Nilitakiwa kuwaambia palepale nilichosikia kwenye maegesho. Nikasema tuone. Niliona haya, ndiyo ukweli wake. Nilikuwa nimesifiwa siku nzima na sikutaka kuivunja.

Alhamisi katibu alinipigia simu kazini. Kamati ilikuwa imekaa. Watatu kwa wawili. Timu ya pili haitakuwepo msimu ujao. Niliweka simu, nikarudi kumlisha supu mzee mmoja aliyekuwa akinisubiri na kitambaa chake shingoni, na nikamlisha mpaka bakuli likaisha. Mume wangu nilimwambia usiku ule. Akasema, "Waambie mapema." Ijumaa ikapita, Jumamosi ikapita, sikumwambia mtu.

Jumapili wakaja wote. Walikuwa wamevaa suti zilezile. Walipanga viti vyangu nusu duara, wakaacha vitatu vizuri katikati, vya wajumbe wa kamati. Shemeji alikuwa ameleta katoni ya soda. Mimi, badala ya kusema, nilikaanga sambusa. Nilikaanga nyingi kuliko siku yoyote, nikibadili mafuta, nikiosha sufuria zisizo chafu. Sebuleni walikuwa wanajadili watanijibu nini wageni nikikubali, na nani aombe kwamba mazoezi yarudi saa moja.

Gari likasimama nje. Wote wakainuka, wakajifunga vifungo vya makoti. Alikuwa jirani yetu Mlebanoni anarudisha ngazi ya mume wangu. Alipoona wanaume kumi na mmoja wamesimama kwa tai akadhani kuna msiba, akaniambia pole.

Hapo nikashindwa. Nilisimama mlangoni mwa jiko nikawaambia hakuna anayekuja. Niliwaambia ya maegesho, niliwaambia ya simu ya Alhamisi. Kisha nikaanza kuwasema wale watu, na nilisema sana. Hawana adabu, nilisema. Wanaendesha klabu kama wanagawa karanga. Wanasikiliza neno la kwanza la mtu na kumfungia nalo. Mtu haoni kwamba kumi na wanne wamevaa vya kanisani kwa ajili ya neno moja? Hajiulizi? Niliendelea hivyo mpaka pumzi ikaniishia.

"Mficha uchi hazai," mzee wa Kikongo akasema taratibu, si kwa kunisuta, kama anayejisemea.

Shemeji alikuwa bado amesimama. Alivua tai yake, akaikunja, akaitia mfukoni. Sijawahi kumwona na uso ule, hata siku ya mlingoti.

"Shemeji," alisema, "hapa nyumbani tulikuomba mara tatu, ukakubali. Ile kiti ilishakuwa yetu. Wewe ukaenda kuionea haya kama yako."

Nilitaka kumjibu. Nilitaka kumkumbusha kwamba yeye ndiye aliyeniambia nimejibu kama mtu mzima, na kwamba wote waliguna kwa furaha nyuma yangu. Nikamtazama mume wangu anisaidie, naye alikuwa anatazama zulia. Wakakaa kidogo kwa heshima, wakala sambusa mbili mbili, wakakunja viti, wakaondoka mmoja mmoja wakinishukuru. Wale Wavietinamu walinishukuru kwa Kiswahili.

Msimu mpya ulipofika, ghala la Smithfield lilitafuta watu wa kufanya kazi Jumamosi. Msimamizi aliwauliza wachezaji wetu mara moja tu, na wote wakasema ndiyo.